Nilisoma Dadu Uongo, Nikamuua Mama Punda

Nimekosa mimi, na msinipe pole! Pole zenu wapeni wanaostahili. Mimi ni msomi, nina shahada ya uzamili ukutani hapa Dodoma, na niliipata kwa uongo wa neno moja.

Utafiti wangu ulihusu kikundi cha Msalato kinachocheza hadithi mbele ya watu kila Jumamosi mchana. Wanakaa watano mezani. Yohana, Mgogo mwenye maneno mengi, ndiye msimulizi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake. Mhusika akiingia hatarini, mchezaji anarusha dadu yenye pande ishirini. Namba kubwa, umepona. Ndogo, umekwisha. Watazamaji wanapiga kelele utadhani wako mpirani.

Niliwadharau, jamani! Watu wazima, wana watoto nyumbani, wanalilia dadu! Kwenye daftari niliwaita washiriki, moyoni niliwaita wapuuzi.

Wao wakaniamini. Dadu inarushwa kwenye meza ndogo ya pembeni, haionekani kutoka kwenye viti vya wachezaji wala vya watazamaji, kwa hiyo lazima asiyecheza aitangaze. Yohana akasema, "Wewe mtafiti huna upande, tusomee." Nikasoma miezi minane bila kukosea.

Zuhura, fundi cherehani, Mrangi wa kijiji cha Busi, alicheza Mama Punda, mwanamke mkali anayevusha magunia ya ulezi porini na punda wake wanne. Ukumbi mzima ulimpenda. Nilipomhoji akaniambia, "Kaka, yule ni marehemu mama. Hata kukohoa kwake ndiko kule. Hatukuwahi kumrekodi sauti. Nikikaa pale namsikia."

Mnajua niliandika nini? "Hisia binafsi. Si muhimu." Mjinga mkubwa mimi!

Sura ya nne ya tasnifu yangu ilikuwa tupu. Msimamizi wangu alitaka kujua watazamaji wanafanya nini mhusika wanayempenda akifa, na huyu Mama Punda hafi! Jumamosi moja akafika kwenye mto uliofurika. Zuhura akarusha dadu. Nikainama, nikaona kumi na saba.

Nikatangaza, "Mbili!"

Zuhura hakuinuka kuangalia. Angeangalia nini, si mimi sina upande? Akawaaga punda wake mmoja mmoja kwa majina, kwa Kirangi, kwa sauti ile ile ya mama yake. Akina mama wa mstari wa mbele wakalia. Mimi nimeinamia daftari naandika nani analia na nani anajifuta na khanga! Na nilifurahi, Mungu anisamehe.

Sheria yao ni kwamba aliyekufa harudi. Zuhura akaacha kuja. Sura ya nne ikasifiwa sana na wasomi wenzangu, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga ukumbi ule.

Mwezi uliopita Zuhura akanifuata kazini. Amekonda. Akasema, "Kaka, samahani kukusumbua. Siku ile simu yako ilikuwa inarekodi juu ya meza ya dadu. Naomba hiyo video tu. Wanangu hawakumjua bibi yao, nataka wasikie alivyokuwa anaongea."

Video ninayo. Na ndani yake, katikati ya meza, dadu imekaa peupe: kumi na saba.

Nikamwambia, "Ngoja niitafute, dada." Akanishukuru! Hajafika hata getini, nikaifuta. Nilikuwa natetea nini? Karatasi iliyoko ukutani!

Kesho yake nikampigia kumwambia simu iliharibika, kila kitu kimepotea. Akasema, "Basi kaka, usijilaumu. Hukukusudia." Ananifariji mimi!

Sijathubutu kumwambia mpaka leo, ndiyo maana nawaandikia ninyi bila jina, kama mwoga nilivyo. Wasomi wenzangu, mkimdharau mtu, msiende kuandika habari zake. Na ninyi mnaochezea watu hadithi, mkimwona mtu wa daftari amekaa pembeni anatabasamu kwa adabu, msimpe dadu asome. Inukeni mkaangalie wenyewe!