Theodory na Mashine ya Mzee Sulle

Theodory, mpiga kinanda wa kwaya yetu ya Masakta, ni mkulima wa mbaazi mwenye maneno mengi. Tangu aanze kutazama kwenye simu watu wa Ulaya wanaoburuta viti jukwaani, wakiuita muziki, na kupigiwa makofi, tumekosa raha. Anasema sauti haina huzuni wala furaha. Sisi ndio tuliofundishwa kulia ikipigwa hivi na kucheka ikipigwa vile. Siku moja alipiga ndoo katikati ya mazoezi, akatuuliza tunajisikiaje. Mimi nilijisikia kurudi nyumbani.

Gervasi, mwenyekiti wa kwaya, alimwonya: upuuzi mmoja tena, kinanda anapewa mwingine. Tulimhurumia, maana bila kinanda Theodory hana usingizi.

Ikafika misa ya mwaka ya mzee Sulle, mwenye mashine ya kusaga. Mjane wake, mama Kornelia, hakuwa ametoa chozi tangu mazishi, na watu hawakosi la kusema: eti hakumpenda. Baada ya misa, pale kwake chini ya turubai, Gervasi akatuimbisha nyimbo za kuliza. Alilia mwenyewe. Mama Kornelia alikuwa anaangalia kama wali unaungua.

Theodory akaona hapo ndipo pa kuthibitisha elimu yake. Aliwahi kurekodi kwa simu mlio wa mashine ya mzee, enzi za uhai wake. Akaegesha spika kwenye ukuta wa chumba cha mashine, akatangaza kwamba hii ni sauti tupu, isiyo na hisia yoyote. Lakini nani humsikiliza Theodory?

Mashine ikakohoa, ikazimika, ikakohoa tena, ikashika. Tangu mzee afe tulikuwa tunasagia kijiji cha pili, kwa punda. Wanawake wakainuka. Marieta alivua viatu vya misa akakimbilia kwake kuchukua debe la mahindi, nami nikamfuata, na kitambaa changu cha kwaya kichwani.

Tuliporudi, mashine ilikuwa bado inanguruma na Theodory anachekelea: mnaona, hakuna aliyelia!

Ndipo mama Kornelia akainuka. Akamimina chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati, akavuka uwanja hadi mlango wa mashine, kama alivyofanya kila mzee alipoiwasha. Akakuta kufuli. Akasimama na kikombe mkononi, akalia kwa sauti. Sisi wenye madebe tulikuwa nyuma yake, tumeshapanga foleni, na aibu ikatushika.

Theodory akazima simu haraka. Gervasi alikuwa ameshabeba kinanda kwapani.

"Washa tena, mwanangu," mama Kornelia akamwambia Theodory. "Chai bado ya moto."

Theodory alijaribu. Machozi yalimjaa, akawa anapapasa simu haoni pa kubonyeza. Gervasi akaweka kinanda chini, akaichukua ile simu, akabonyeza yeye.