Watu wa Anga Katika Tranka

Mdoli wa kwanza niliukuta ndani ya mfuko wa koti la mtoto. Ilikuwa siku ya mnada hapa Bariadi, na mama muuza mitumba niliyezoea kununua kwake alikuwa ndiyo kwanza amefungua belo la nguo za watoto. Nilimtafutia mtoto wa dada yangu koti. Nilipoingiza mkono mfukoni kuona kama pametoboka, kidole kikagusa kitu kigumu. Kilikuwa mtu wa plastiki, urefu wake kama kidole cha kati, amevaa suti ya rangi ya chungwa na kofia ya kioo iliyopauka. Mikono yake ilizunguka begani na miguu ilikunjika kwenye nyonga.

"Chukua tu, mwalimu," yule mama akaniambia. "Vinakuja vingi hivyo. Huwa nawatupia watoto."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilifundisha darasa la nne, na nilikuwa nimeolewa mwaka wa tatu bila kupata mtoto. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba cha chama cha ushirika. Koti nilimpelekea mtoto wa dada. Mdoli niliuweka dirishani, karibu na kopo la chaki, na sikufikiria kwa nini nimeubakiza.

Miaka ile vitu vilikuwa vinaingia kwa wingi. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za duka la ushirika, ambako kitambaa kiligawiwa kwa kipimo, na sasa kila siku ya mnada nguo zilimwagwa chini kwenye maturubai kama mazao. Ndani ya zile nguo vilikuja vitu ambavyo hakuna aliyeviagiza: funguo, tiketi za treni, barua ya mapenzi, jino la mtoto limefungwa kwenye karatasi. Na watu wa plastiki. Yule mama akawa ananiwekea. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nao tisa: rubani wa chungwa, mwanamke wa koti la fedha, mtu wa chuma aliyekosa mguu, na wengine ambao sikujua ni watu au wanyama.

Kwamba wote ni wa familia moja nililijua kwenye banda la video. Jumapili moja mchana nilipita nje ya banda karibu na stendi, nikaona picha ya rubani wangu imebandikwa mlangoni. Nililipa nikaingia. Ndani tulikuwa wanawake wawili, mimi na muuza karanga. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, jenereta lilizima mara mbili, na vijana waliokuwa mbele yangu walibishana muda wote. Lakini niliwatambua mmoja mmoja walipotokea. Mwanamke wa koti la fedha alikuwa daktari wa meli ya angani. Yule niliyemdhania mnyama alikuwa mfalme. Mwenye banda aliniambia filamu hiyo ina nyingine nyingi zilizoifuata, na kwamba ilianza kutengenezwa kabla yeye hajaanza shule.

Katika shule ya sekondari ya misheni palikuwa na mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo, msichana wa fizikia, ambaye alikuja shuleni kwetu mara moja kwa wiki. Siku moja alifika nyumbani kwangu kunywa chai, akaiona ile midoli dirishani, akaacha kikombe mezani.

"Hii umeitoa wapi?"

"Mnadani. Kwenye mitumba."

Aligeuza mmoja mmoja, akanionyesha maandishi madogo chini ya nyayo: nchi ulikotengenezwa na mwaka. Kaka yake alikuwa akiikusanya tangu utotoni. Aliniambia kwao kuna watu wazima, wengine na ndevu, wanaofanya kazi hiyo kwa dhati kabisa, na kwamba kila filamu ile inapotimiza miaka fulani hutolewa midoli maalumu ya kumbukumbu, kwenye kasha lenye mhuri wa fedha, ambayo wengi hawaifungui kamwe. Nilifurahi kusikia hivyo. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu kwamba nami nakusanya. Hata neno lenyewe sikuwa nalo.

Baada ya hapo nilianza kutafuta kwa makusudi. Nilipopelekwa Maswa kusimamia mtihani, nilitembelea wauza mitumba wa huko. Mwenzangu aliyeolewa Ipililo aliniletea wawili. Nilinunua tranka ndogo ya bati, ya aina ile ya wanafunzi wa bweni, nikawatandikia kitambaa. Mume wangu alikuwa akiniangalia tu. "Wangapi sasa?" aliuliza siku moja. Nilimwambia ishirini na tatu. "Timu mbili na refa," akasema, akaendelea kula. Hakuwa mtu wa maneno, na wakati huo kiwanda chao kilikuwa kinafanya kazi wiki mbili, kinasimama mwezi. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia.

Yule msichana alirudi kwao. Mwaka uliofuata niliitwa posta kuchukua kifurushi. Ndani lilikuwamo kasha la kumbukumbu, lenye mhuri wa fedha, na nyuma ya plastiki ngumu walisimama rubani mpya asiyepauka, daktari, mfalme, na askari sita wa adui. Askari wale hawakuwa na sura. Kofia nyeusi ilifunika kichwa chote mpaka shingoni, laini, bila tundu la macho. Niliweka kasha lote ndani ya tranka bila kulifungua. Nilijiona mtu mwenye kitu.

Mama mkwe alikuja wiki ya pili. Alikuwa akiishi upande wa Migato, kwenye boma la wafugaji na wakulima wa pamba, na alikuja Bariadi kutibiwa macho. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa mikono, na macho yake yalikuwa mekundu kwa miaka mingi ya kupikia mavi ya ng'ombe pale kuni zilipoadimika. Alikaa kwetu siku nne. Siku ya tano nilirudi kutoka shule nikakuta ameondoka na basi la asubuhi. Tranka nayo haikuwapo.

Jirani alikuwa amemwona. "Aliibeba kichwani," akasema. "Nilidhani umempa nguo."

Mume wangu alipokuja nilimwambia. Alivua viatu, akaviweka mlangoni.

"Amezungumza nami jana," akasema mwishowe. "Aliniuliza vile vitu ni vya nini. Nikamwambia ni vya kwako."

"Ukaishia hapo?"

"Ningemwambia nini? Hata mimi sijui ni vya nini."

Nilielewa alichofikiri mama mkwe, au nilidhani nimeelewa. Mwanamke asiye na mtoto, na ndani ya sanduku lake lililofungwa wamelala watu wadogo juu ya kitambaa. Nilijua angempelekea mganga, na mganga angesema tumbo langu limefungiwa mle. Nilikasirika kwa utulivu, kama mtu anavyokasirikia ofisi. Jumamosi nilipanda gari la kwenda Migato.

Nilifika jua limeshapanda. Nje ya boma lake, penye uwanja uliofagiliwa ambapo kila apitaye barabarani anaona, wajukuu wa mama mkwe walikuwa wamepanga zizi la mabua. Ndani ya zizi walikuwa ng'ombe wa udongo, wale ambao watoto wa Kisukuma wamekuwa wakifinyanga siku zote, wenye pembe ndefu na nundu. Na wachungaji wa ng'ombe hao walikuwa watu wangu. Rubani wa chungwa alikuwa amefungwa kijiti mkononi. Mfalme alikuwa amelazwa chini ya jani. Daktari alikuwa akikamua. Kasha la kumbukumbu lilikuwa limechanwa na kufanywa bwawa la kunyweshea.

Mama mkwe alitoka jikoni.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia, kwa sababu lazima uanze hapo.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu."

Alinipa kiti. Tuliongea Kisukuma, naandika kwa Kiswahili nikikumbuka nilivyoweza.

"Umefuata vitu vyako," akasema.

"Nimevifuata. Lakini naona askari hawapo. Walikuwa sita, weusi."

"Wale nimewachoma. Hawakuwa na uso."

Nilimwuliza kama amempelekea mganga. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Mganga? Nimpelekee mganga ili aseme nini? Na akishasema, wewe unadhani watamtafuta nani?" Alivuta kope la chini kwa kidole. "Wewe ni mwalimu. Kikionekana kitu nyumbani kwako, watasema ni mambo ya kizungu. Mimi macho yangu unayaona. Mwanangu hana mtoto, na mke wake ana sanduku la watu waliofungiwa. Watauliza alipewa na nani. Watasema ni mama mkwe wake."

Miaka ile wanawake wazee wa vijijini kwetu walikuwa wanauawa kwa panga kwa kudhaniwa wachawi, na ushahidi ulikuwa macho mekundu. Nilikuwa nimesikia habari hizo redioni, na nilikuwa nimezizungumza na walimu wenzangu kama jambo baya la watu wengine. Sikuwahi kuzihusisha na mtu aliyekuwa amelala kwenye chumba changu cha pili.

"Jirani yako wa upande wa pili alichungulia dirishani," akaendelea. "Akaniuliza mle kwenye tranka mnafuga nini. Nikaona likishaulizwa hivyo, limeshatoka. Ndiyo nikavileta hapa, nikavimwaga nje mchana, kila mtu akaona. Balozi wa nyumba kumi alipita, akamwona mjukuu wake mwenyewe anacheza navyo. Kitu watoto wanachokichezea uwanjani, nani atakiita uchawi?"

"Na wale sita?"

"Wale hata mtoto aliwakimbia."

Aliniletea maziwa. Nilikuwa nimekuja na kikapu cha kubebea vitu vyangu, na kikapu kile kilikuwa miguuni pangu muda wote. Nilihesabu kwa macho: walikuwepo karibu wote, wamechakaa kidogo, mmoja ameliwa mkono na mbwa. Kama ningewaokota na kuwarudisha ndani ya sanduku, maneno yangeanza upya, na safari hii yangekuwa na ushahidi wa mimi kusafiri kutwa nzima kuvifuata. Hilo halikuhitaji akili nyingi. Lililonichukua muda ni kukubali kwamba nililihuzunikia kasha kuliko nilivyohofia maisha yake. Nilikuwa nimeketi naye robo saa nzima kabla sijamwuliza kama kuna mtu amemtishia.

"Bado," akajibu.

Niliwaachia wajukuu vyote. Kikapu kilirudi na viazi.

Msichana wa fizikia aliandika kuuliza kama kasha lilifika. Nilimjibu kwamba lilifika na kwamba limefunguliwa. Alijibu kwa masikitiko kidogo kwamba likishafunguliwa linapoteza thamani. Sikumweleza zaidi, kwa sababu ingenilazimu kumweleza kila kitu.

Kukusanya hakukunitoka. Nilianza tena na mama wa mitumba, polepole, lakini safari hii nilimpa seremala kazi ya kutengeneza rafu, nikaitundika sebuleni mkabala na mlango, na nikawaruhusu watoto wa mtaa kuingia kushika. Midoli mingi iliibwa. Mingine ilirudishwa ikiwa imepakwa rangi ya kucha.

Kiwanda kilifungwa moja kwa moja. Mume wangu alipata kazi kwa mnunuzi binafsi wa pamba, mjini Mwanhuzi, na baada ya miaka miwili alikuwa na mke mwingine huko, na watoto. Aliniambia mwenyewe, ameketi, bila kuinua sauti. Hatukugombana sana. Alikuja mara chache, kisha hakuja.

Mama yake ndiye aliyeendelea kuja. Alishuka kwenye basi na kuku au karanga, akakaa siku tatu nne, akaenda kliniki ya macho. Safari moja tulikuwa tunamenya karanga sebuleni, akanionyesha rafu kwa kidole.

"Hawa watu wanafanya nini huko kwao?"

Nilimsimulia filamu yote kwa Kisukuma, nikitafuta maneno. Meli nikaiita mtumbwi, kisha nikabadilisha nikaiita gari. Nilimweleza juu ya mfalme, daktari, vita vya kugombea nyota ambayo wote walidai ni yao. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake haikusimama.

"Nyota ziko ngapi huko?"

"Hazihesabiki."

"Na wanauana kwa moja." Alipuliza maganda. "Si wahame tu. Sisi malisho yakiisha tunahama."

Alifariki miaka kadhaa baadaye, kitandani kwake, kwa maradhi ya uzee, macho yake yakiwa vilevile. Nilikwenda kwenye msiba kama mkwe, na yule mke mwingine wa huko Mwanhuzi alikuwepo, tukapika pamoja. Watoto waliochunga ng'ombe wa udongo walikuwa watu wazima. Sikuwauliza chochote kuhusu midoli, nao hawakuitaja. Tulikuwa na maharage ya kuchagua na watu wengi wa kulisha.