Titi Nililotaka Kulizika

Watu huzika maiti. Mimi nilitaka kuzika titi langu, na mwenyewe niko hai, nakunywa chai.

Msicheke kwanza.

Uvimbe ulikuwa upande wa kushoto, mgumu kama kokwa. Daktari mpasuaji, dada mmoja rika la mwanangu, akasema kansa imeshika pakubwa, kutoa uvimbe peke yake haitoshi. Titi zima litoke.

Nilikuwa nimechoka, wanangu. Kila siku benchi, vua blauzi, vaa blauzi. Nikasema sawa, kateni. Ila mkishakata nipeni, zima hivyo hivyo, nikalizike uani.

Binti yangu, tunamwita Kidomo, akashika kichwa. "Mama! Na matanga tuweke?"

"Nyamaza wewe. Limekunyonyesha mpaka ukaanza kuning'ata."

Daktari hakucheka. "Bibi, siwezi kukupa zima. Linakwenda maabara, linakatwa vipande vyembamba, linapimwa."

"Si mmeshalipima? Na lile lisindano lenu!"

"Sindano ilichukua nyama kidogo tu. Ilituambia ni kansa. Haikutuambia imefika wapi."

Nikavaa blauzi yangu. "Basi sikatwi."

Nyumbani Kidomo hakunigombeza. Alikuwa ananikanda mgongo, mara nikamsikia, polepole:

"Mama, wewe unawaza kulizika titi. Mimi nawaza kukuzika wewe."

Asubuhi nikamwambia anirudishe hospitali.

Nikarudi, nikatia sahihi: likatwe, lipimwe. Nilipozinduka nilikuta bandeji kifuani na mpira unaotiririsha majimaji ya kidonda kwenye kichupa. Upande mmoja mtupu, kama chumba kilichohamwa.

Majibu yalipotoka, daktari akavuta kiti.

"Bibi, maabara wamekuta uvimbe wa pili ndani ya titi, mdogo kama punje ya mchele. Picha tulizokupiga hazikuuona. Na tezi za kwapani tulizotoa nalo zina kansa. Tulidhani upasuaji umemaliza kazi. Bado. Utahitaji dawa za dripu."

"Na ningeondoka nalo zima?"

Akaniangalia. "Tungekuruhusu nyumbani tukidhani umepona."

Kidomo akachukua kalamu, akaandika tarehe ya dripu.

Sasa niko kwenye dripu. Nywele zimekwenda, chakula hakina ladha, kufunga kifungo tu nahema. Lakini natibiwa ninachoumwa, si cha kubahatisha.

Ukikatwa kitu mwilini, usione haya. Uliza kinapelekwa wapi, na majibu yake yafuate kwa miguu yako. Mimi nilikuwa nalifukia titi langu, kumbe lina neno bado halijalisema.