Sakafu Aliyoikataa Nusura

Nusura alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, na mwaka 2001 akafika Brussels akiwa mkimbizi. Kazi aliyoifanya kwa muda mrefu ilikuwa kupiga deki katika maabara moja ya nyuklia nje kidogo ya jiji. Mwaka 2011 maabara ilifungwa, ikaamuliwa ibomolewe. Lakini jengo la namna hiyo halibomolewi kwa nyundo tu. Kila ukuta na kila bomba hupimwa kwanza: kilicho safi huenda na kifusi cha kawaida, chenye mionzi hufungwa kwenye mapipa na kupelekwa ghala maalumu. Wapimaji wakatakiwa. Nusura akasoma miezi mitatu, akafaulu, akakabidhiwa kipimaji cha mionzi na fomu za kutia sahihi.

Sahihi ndiyo iliyoleta ugomvi.

Msimamizi wake alikuwa Bernard, mtu wa Bukavu, zamani fundi mkuu wa maabara hiyo hiyo. Asubuhi moja ya Machi 2013 alimwekea mbele fomu ya kuthibitisha kwamba chumba namba kumi na nne ni safi. Kipimaji kilikuwa kimepita sakafu nzima bila kulia.

"Maman Nusura, sinya tu. Siku ya lundi wanakuya kubomoa."

"Siwezi, papa. Hii saruji ya juu ni mpya. Ile ya chini niliipiga deki mimi mwenyewe, mwaka 2004, siku chupa ilipopasuka."

"Chupa gani? Iko wapi kwenye registre?"

"Wewe ndiye uliniita. Ukaniambia ni maji."

"Na ilikuwa mayi! Bon, sikia. Weye uko muntu wa balai, wa kufagia tu. Leo wamekupa machine, unajiona ingénieur?"

Nusura aliweka kalamu mezani, akatoka.

Kesho yake akaondolewa kwenye upimaji, akatupwa chumba cha kuchambua glovu na ovaroli zilizokwisha kutumika. Chumba namba kumi na nne kikakwama, na kikosi kizima kikamnunia. Ibrahimu, Mrundi mwenzake ambaye ndiye aliyemtafutia kazi pale, alihamisha sahani yake kutoka meza ya Nusura, watu wakitazama.

"Unataka watufukuze wote? Sisi tuna watoto."

"Na mimi nafuga paka?" Nusura akamjibu.

Baada ya wiki mbili akaja mkaguzi wa serikali, mwanamke aitwaye Régine. Fomu ilikuwa tayari, imetiwa sahihi na Ibrahimu, naye mpimaji. Nusura akaacha glovu zake, akaenda kusimama mlangoni mwa kile chumba. Kifaransa chake cha kuungaunga siku hiyo kilinyooka: toboeni pale, karibu na sinki.

"Usimsikilize, madame," Bernard alisema kwa Kifaransa. "Huyu mama kichwa hakimkai sawa."

Régine aliagiza mashine ya kutoboa.

Sentimita nne tu chini, kipimaji kikalia, na hakikunyamaza.

Nusura akatazama viganja vyake. Siku ile ya chupa alivaa glovu za kuoshea vyombo, na kitambaa alikikamua kwa mkono. Akamgeukia Bernard.

"Ulijua?"

"Ilikuwa ordre ya wakubwa."

"Sijakuuliza ya nani. Nakuuliza, ulijua?"



Sakafu ikachimbwa, ikajaza mapipa thelathini na sita. Bernard akahamishiwa jengo jingine, Ibrahimu akapewa barua ya onyo. Nusura akapimwa damu, mkojo na mifupa. Hawakuona kitu, lakini daktari alimwambia wazi kwamba baada ya miaka tisa hawezi kuapa kwamba yuko salama. Kwa miezi mingi kila kikohozi na kila maumivu ya goti vilimrudisha kwenye swali lile lile: ni ile chupa?.

Alirudishiwa kipimaji, akafanya kazi hadi jengo lilipokwisha, mwaka 2016. Hakuna aliyerudi kula naye. Huko Molenbeek, mtaa wanakoishi wote, Ibrahimu na mkewe wakimwona huvuka barabara. Binti yao alipoolewa, Nusura alizisikia shangwe akiwa dirishani kwake.

Mwaka 2018 Bernard alimtuma mtu amwombee radhi. Nusura alikuwa akimenya viazi, na hakuacha kumenya.

"Mwambie aje mwenyewe," alisema, "na aje na majina ya hao wakubwa."

Hakuja.