Nilikwenda ukweni Mwazye na meno ya majaribio

Wakuu, habari za humu ndani. Hii si stori ya kutunga, yamenikuta mwenyewe, na mdomo ulioniponza ndio huu huu. Asiyeamini aje Sumbawanga nimuoneshe.

Mimi ni fundi simu, nina meza yangu karibu na soko. Kwetu ni Kasense, Mfipa kabisa.

Nina mwanya.

Najua mnataka kusema mwanya ni urembo. Tulieni kwanza. Warembo wana mwanya, mimi nina geti. Punje ya karanga inapita bila kugusa kushoto wala kulia.

Miaka yote haukunisumbua. Shida ilianza kwenye harusi ya mshikaji wangu, ukumbini walikoweka ile screen kubwa. Mpiga video akanikamata nacheka, aka-zoom. Ukumbi mzima ukaona mpaka kimeo. MC naye hana huruma, akatangaza kwamba mlango wa dharura umepatikana.

Nilicheka na wenzangu, ila iliniuma. Tangu siku hiyo nikawa nacheka kwa kubana midomo kama mtu aliyeficha pipi.

Sasa mwaka huu nikaamua kuoa. Mchumba anaitwa Skolastika, mimi namwita Skola, ni mwalimu wa shule ya msingi, kwao ni Mwazye huko Kalambo. Ikapangwa niende kujitambulisha, na mshenga wangu awe baba mdogo, mzee Kalisto. Huyu mzee ana maneno matamu, na alishayaandaa ya kutosha kuoa ukoo mzima.

Mimi nikawaza picha tu. Kwamba hawa watu watanipiga picha, na wajukuu watakuja kuzitazama. Nikaenda kwa daktari wa meno bila kumwambia mtu. Hata Skola.

Daktari ni dada mmoja mpole. Akanieleza kuna nyaya, unazivaa muda mrefu meno yanasogea taratibu. Kuna maganda ya kubandika juu ya jino, hayo nisafiri mpaka Mbeya. Na kuna kujaziwa dawa ngumu ya rangi ya jino pande zote mbili mpaka mwanya ufungwe, hiyo anafanya mwenyewe.

Akaniuliza nafanya kwa ajili ya nani. Nikamwambia kwa ajili ya picha.

Akanitazama kidogo, akasema basi usiamue leo. Atanijazia kwa majaribio tu, bila kuigandisha sawasawa, nikae nayo nijione, kesho kutwa nirudi nimwambie kama tuendelee au aitoe. Onyo likawa moja, nisiume kitu kigumu kwa meno ya mbele.

Nikaitikia ndiyo daktari. Sikumwambia kwamba kesho yenyewe ndiyo naenda ukweni.

Wakuu, siku ile nilijitazama kwenye kioo mpaka mteja akaniuliza kama simu yake iko humo ndani. Nilikuwa HB, handsome boy kabisa. Nilijipiga selfie mpaka simu ikalalamika imejaa, na mimi ndiye fundi.

Asubuhi tukapanda gari ya Matai, tukamalizia kwa bodaboda. Upepo wa baridi, vumbi, na mimi nimefunga mdomo njia nzima kulinda mali. Mzee Kalisto akadhani nina hofu, akaniombea.

Tulipokelewa vizuri. Nikatoa shikamoo kwa wote, tukakaa. Skola yuko jikoni na wanawake, haruhusiwi kutokea mpaka aitwe.

Tatizo likawa bibi yake.

Bibi alikuwa na picha yangu, Skola alimsafishia studio, ile ambayo nacheka geti wazi. Bibi anatazama picha, ananitazama mimi. Anarudi kwenye picha. Mwisho akamwita baba mkwe, akamwambia kwa Kifipa, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, kwamba huyu siye, wametuletea mwingine.

Kifipa nakijua vizuri, nikajifanya natazama paa. Baba mkwe akamtuliza kwamba picha za siku hizi zinadanganya. Bibi hakutulia hata kidogo.

Chakula kikaja. Ugali wa ulezi na kuku wa kienyeji, sinia moja, mimi, baba mkwe na mzee Kalisto. Baba mkwe akachagua firigisi, akaniwekea mbele yangu.

Firigisi ya ukweni ni heshima, huwezi kuiacha. Ukiiacha umewakataa wao na binti yao. Na kuku wa kule anatembea sana wakuu, firigisi yake ni kiatu. Nikajaribu kuisukumia yote kwenye magego, haikuingia. Ikabidi niing'ate katikati.

Nikasikia kitu kimeachia.

Kikadondokea kwenye ugali. Ulezi mweusi, kitu cheupe, ungedhani ni rahisi kukiona. Kabla sijakiona baba mkwe akawa ameshamega tonge pale pale.

Krrr.

Akaacha kutafuna. Akatoa kitu mdomoni, akakiweka kiganjani.

"Jiwe," akasema.

Kwa wasiojua, ulezi unapurwa chini, usipopepetwa vizuri unakuja na mchanga na mawe. Kumlisha mkwe ulezi wenye mawe ni aibu itakayosimuliwa misiba na harusi. Na ulezi ule ulipepetwa na shangazi yake Skola, shangazi Odilia, ambaye pale Mwazye mtu akiwa na sherehe anamwita yeye. Akaitwa mbele yetu.

"Odilia, leo kweli? Mbele ya mgeni?"

Shangazi akapiga magoti. "Kaka, nimepepeta mpaka mikono imekufa ganzi. Haki ya Mungu ulezi wangu hauna jiwe." Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Mzee Kalisto akataka kusaidia, akasema kwa upole kwamba mawe madogo hutokea hata kwenye nyumba nzuri. Shangazi ndio akazidi kulia.

Hapo nilikuwa na njia mbili. Ninyamaze, nibaki HB, nipewe mke, na mama wa watu abaki na sifa ya mawe mpaka anaingia kaburini. Au nifungue mdomo. Nilimtazama pale chini nikajisikia vibaya kuliko siku ya screen.

"Baba," nikasema, "hilo si jiwe. Ni jino langu."

Baba mkwe akatazama kiganja chake. "Nimetafuna jino lako?"

"Si jino lenyewe baba. Ni la majaribio."

Haikusaidia. Ikabidi nieleze yote, harusi, MC, daktari, huku kipande cha pili kinaning'inia. Nikakivuta, nacho kikatoka. Geti wazi.

Bibi alinyanyuka kwenye kigoda kama msichana. "Ndiye! Ndiye huyu wa kwenye picha!" Akapiga vigelegele peke yake. Wanawake wa jikoni wakadhani tumeshakubaliana, nao wakaitikia, wakatoka wanaimba. Baba mkwe alicheka mpaka akashika ukuta.

Basi nikakubaliwa hivyo hivyo. Mzee Kalisto hakupata nafasi ya kusema hata neno moja katika yale aliyoandaa, amenuna mpaka leo.

Kabla ya kuondoka Skola akanivuta pembeni. Nikajiandaa kugombezwa. Akaniambia, "Tangu umefika nilikuwa natega sikio kule jikoni, sikusikii ukicheka. Nikajua umekuja, umepaona kwetu, umejuta."

Wakuu, hiyo iliniingia.

Nilirudi kwa daktari, akaniondolea mabaki na ugaga ulioganda kwenye meno, nikamwambia inatosha, mwanya ubaki.

Sisemi watu wasitengeneze meno. Kuna mtu jino lake linamnyima raha kila siku, huyo aende, dawa zipo. Ila mimi nilikuwa namziba mdomo MC, mtu ambaye wala simuoi. Na kama unaenda kufanya, mwambie unayempenda kabla, na usifanyie majaribio ukweni.

Shangazi Odilia ndiye pekee ambaye hakucheka siku ile. Tunaondoka akanikabidhi kiroba cha ulezi. "Huu sijaupepeta," akasema. "Kapepete mwenyewe."

Haya, mliowahi kuziba mwanya, mlifurahi au mlijuta? Na kama kuna mama au dada humu anajua kupepeta, anielekeze hapa hapa mbele za watu, sioni aibu tena. Nimejaribu jana, nusu wamekula kuku wa jirani. Shangazi kasema huo ulezi ndio utakaopikwa siku ya harusi, na wa kwanza kupakuliwa ni baba mkwe.