AI ilivyofuta jiko la mama kule Mtae, na mimi msanifu nikaambiwa nigonge muhuri tu

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Haya nimeyaona kwa macho yangu, nyumbani kwetu, na hasira bado ipo. Anayedhani natunga apande gari hadi Mtae akajionee.

Mimi ni msanifu majengo, mwanamke, ofisi yangu iko Lushoto mjini. Nimezaliwa Mtae, kule juu kabisa, ambako ukikosea hatua nje ya nyumba unaokotwa bondeni. Mama yangu bado anaishi huko.

Mwaka juzi kaka yangu mkubwa, Eliya, anayeishi Dar, aliamua kumjengea mama nyumba. Jambo jema. Baba alishafariki na nyumba ya zamani ilikuwa imeanza kumeguka upande mmoja.

Sasa mtu mwenye mdogo wake msanifu si angepiga simu?

Eliya yeye alichukua picha ya kiwanja, akaitia kwenye app ya AI, akaandika "modern house", akamimina chai. Chai haijapoa, nyumba imeshatoka. Akaitupia kwenye group la familia.

Wakuu, ile picha!

Bati limefichwa, kioo kuanzia sakafuni hadi darini, jua kali, gari jeupe mlangoni. Na minazi miwili. Minazi, Mtae! Kule ambako mwezi wa saba watu tunalala na masweta.

Ndugu wakashusha "Amina" na "Mungu akubariki kaka".

Mimi macho yalikuwa kwenye kona ya kushoto. Palipokuwa na jiko la mama pameota nyasi za bustani. AI iliona kibanda cheusi cha moshi, ikadhani uchafu, ikasafisha.

Kwa wasiojua, jiko kwa mama zetu wa Kisambaa si pa kupikia tu. Mafiga yako katikati, na juu yake kuna dari ambako mahindi ya mbegu yanapigwa moshi yasiliwe na wadudu. Mama anapokea wageni humo. Hata pole za msiba wa baba alizipokelea humo.

Nikampigia Eliya.

"Shikamoo kaka. Hiyo picha imesawazisha kiwanja, kwetu ni mteremko. Halafu jiko la mama liko wapi?"

"Marahaba. Mdogo wangu, usianze. Kazi yote imeshafanyika, wewe gonga muhuri tu."

Gonga muhuri tu! Ndipo taaluma yetu ilipofikia. Mteja anakuja na picha ya simu, amekwisha kuipenda, wewe uliyesota chuoni unageuka karani wa muhuri.

Na msianze kuniambia naogopa teknolojia. Laptop ndiyo jembe langu. Nilikwenda Mtae nikapima mteremko, nikamuuliza mama anapenda kuketi wapi, nikachora kwa software nyumba iliyokaa kilimani kwa ngazi mbili, bati la kumwaga maji, madirisha madogo upande wa upepo, na kibaraza kinachoungana na jiko lake. Nikamtumia Eliya.

Jibu lake: "Mbona haing'ai?"

Nikakataa kugonga muhuri. Akampata msanifu mwenzetu mmoja Dar aliyegonga bila kujua Mtae iko upande gani wa nchi. Kama yumo humu, ajue namdharau.

Ujenzi ukaanza. Siku fundi Athumani alipokuja kubomoa jiko paoteshwe nyasi, nilikuwepo. Mama alivuta kigoda, akaketi mlangoni, akaendelea kuchambua maharage yake.

"Shikamoo mama. Samahani, picha inaonyesha hapa ni bustani."

"Marahaba mwanangu. Huyo aliyechora alikuja akakuta nimekufa?"

Fundi akarudisha sururu begani. Jiko likabaki.

Nyumba ikaisha, mama hakuhamia. Ukungu ukipanda kutoka bondeni, vile vioo vinatiririka maji kwa ndani. Mvua nayo inatuama nyuma ya kile kiukuta cha kuficha bati, dari yote madoa. Ila jua likitoka, sebule inapata joto zuri, kwa hiyo mama anaanikia maharage humo. Sebule ya kisasa kabisa, huna pa kukanyaga kwa maharage.

Krismasi Eliya akaja na rafiki zake kuwaonyesha mjengo. Mvua, ukungu, hata geti huoni. Alasiri haijaisha nikawakuta wote jikoni kwa mama wamebanana kwenye benchi, Eliya amejikunyata karibu na mafiga, koti limefika masikioni, simu mkononi. Anaiuliza ile app namna ya kupasha joto nyumba ya vioo.

Niliona aibu kwa niaba yake, halafu nikaona raha. Sitawadanganya.

Mama akasukuma kuni, akamtazama mwanawe.

"Eliya, na huyo wa kwenye simu mwambie asogee aote moto."

Nilichojifunza ni hiki: kabla hujamjengea mtu, muulize anaketi wapi. App haikuuliza, na siilaumu, haina mama. Eliya anaye.

Wenye michoro yenu inayong'aa wekeni hapa chini tuitazame. Ila mseme kwanza, mwenye nyumba mlimuuliza?