Ng'ombe Niliyemuua kwa Mdomo

Wiki mbili sasa, na bado nataka kujizaba kofi. Mimi ni afisa wa mifugo. Kwenye semina huko Kericho tuliambiwa mkulima hashiki mafunzo bila kisa cha maisha yako mwenyewe. Basi nikasimama kwenye dipu ya kuogeshea ng'ombe huko Merigi nikawaambia wakulima kwamba ng'ombe wangu wa pekee alikufa kwa ugonjwa wa kupe, kwa sababu ya uvivu wangu wa kumwogesha. Nikapangusa hata machozi, mjinga mimi!

Nani aliwatuma wanihurumie? Jumamosi, wakulima sita walifika kwangu Kaplong na mtamba, ng'ombe jike aliyekaribia kuzaa mara ya kwanza. Walisema kwao mtu akifiwa na ng'ombe, watoto wake hawaachwi wakose maziwa. Badala ya kusema ukweli, nilishika kamba nikashukuru!

Hapo mke wangu akatokea kwa jirani na kopo la maziwa ya kununua.

"Pole kwa ng'ombe, mama," wakamwambia.

"Ng'ombe gani? Sisi hatujawahi kufuga hata kuku!"

Mzee mwenye mtamba akaitoa kamba mkononi mwangu, polepole.

"Daktari," akauliza, "na ile habari ya kupe, pia ulitunga?"